Kitambaa Juu ya Skrini

Nyinyi mliokuwa mkija dukani kwangu hapa Mikumi kuchapisha barua za kuomba kazi, mlizoea kuniita Babu Kompyuta, nami niliitika bila kinyongo. Mlinicheka ninavyoshika kipanya kwa vidole viwili, mkaniambia niharakishe kwa sababu basi la Morogoro linakaribia. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza nilianzaje kazi hii. Sasa nimestaafu, duka nimemwachia binti yangu, na nina nafasi ya kusema bila kuharakishwa na mtu. Nina ombi pia, lakini nitaliweka mwishoni, maana nikilitoa sasa hamtaona uzito wake.

Kwanza somo. Msikunje uso, ni fupi.

Kompyuta tulizoanza nazo zilikuwa vipande vipande. Kulikuwa na kibodi ya kuandikia. Kulikuwa na skrini, kubwa, nzito, yenye kisogo kirefu kama televisheni za zamani, na ukiibeba peke yako kiuno kinakukumbusha wiki nzima. Na pembeni kulikuwa na boksi la bati lisilo na sura yoyote. Boksi lile ndilo kompyuta yenyewe. Humo ndani mna ubongo unaofanya kazi, mna kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na mna diski ngumu inayotunza ulichoandika hata ukiizima mashine mwaka mzima. Skrini haitunzi kitu. Inaonyesha tu. Ungeweza kuipiga nyundo, na maneno yako yakabaki salama kwenye boksi.

Leo simu zenu zimeunganisha vyote hivyo kwenye kiganja, kwa hiyo hamna haja ya kujua kipi kinafanya nini. Sisi tulikuwa na haja. Na katika ofisi yetu, aliyejua alikuwa mmoja tu, mimi.

Nilijifunza kompyuta Morogoro mjini kwa miezi mitatu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili na mashine moja. Mwalimu alituchorea kibodi kwenye vipande vya maboksi ya sabuni, kila mtu akapewa chake, tukawa tunashinda tunabonyeza maboksi huku yeye akipita nyuma yetu kuangalia vidole. Zamu yako ya mashine ya kweli ilikuwa dakika kumi, na umeme ukikatika katikati, zamu imekwisha. Nilirudi Kilosa na cheti chenye muhuri wa bluu, natembea kifua mbele, na watu wakaniita Bwana Kompyuta kabla sijaigusa kompyuta ya ofisi.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya shamba la mkonge. Silitaji jina, wenye nalo wamebadilika mara nyingi mno. Miaka hiyo serikali ilikuwa inajitoa kwenye mashamba na viwanda, wawekezaji wanaingia, na kila Jumatatu kulikuwa na tetesi mpya. Mara tunauzwa, mara hatuuzwi, mara mnunuzi amekuja ameona mashine zilivyochakaa akageuza gari. Neno kupunguzwa watu walilisema kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa.

Mpiga chapa mkuu alikuwa Bi Skola, yaani Skolastika. Baba yake alikuja kukata mkonge akitokea Songea, akafia palepale shambani. Alikuwa na umri wa mama yangu, kwa hiyo kila asubuhi ilianza na "Shikamoo mama," naye "Marahaba mwanangu, mmeamkaje huko?" Ukijisahau ukaanza na habari za kazi, aliendelea kugonga mashine yake kana kwamba aliyeingia ni upepo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa cheti nilikuwa nacho mimi. Alinifundisha macho yakae kwenye karatasi, yasikae kwenye vidole. Alinifundisha kusoma namba mara mbili kwa sauti, ya pili ukianzia mwisho. Na alinikataza kabisa kukisia jina la mtu. "Barua ukiikosea utaandika nyingine," aliniambia. "Jina la mtu ukilikosea, mwenyewe utampata wapi akusahihishe?"

Kuna siku niliandika tangu asubuhi bila kuhifadhi. Saa tano umeme ukakatika, na kazi yote ikaenda na maji. Nilikaa nikiitazama skrini nyeusi mdomo wazi. Bi Skola hakuacha hata kugonga. "Hii yangu ya kizamani," alisema, "haijui hata kama umeme umekatika." Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akanimegea nusu ya muhogo wake wa chai. Tangu siku hiyo, kila baada ya aya mbili, alikuwa ananiuliza kutoka mezani kwake, "Sefu, umehifadhi?" Mpaka leo nikiwa peke yangu naisikia sauti hiyo, na inaniuma.

Chumba cha kompyuta tuliingia bila viatu. Msicheke, ofisi nyingi zilikuwa hivyo. Mlangoni kulikuwa na ubao, VUA VIATU, na hata Meneja alivua. Tuliambiwa vumbi ni adui, na vumbi la Kilosa mnalijua, tena kwetu lilichanganyika na nyuzi za mkonge. Ndani kulikuwa na feni, pazia zito, na ukimya. Watu walikuwa wananong'ona kama wapo kwa mgonjwa.

Wiki ya pili Bi Skola alileta kitambaa. Alikifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, maua ya bluu pembeni, akakitandaza juu ya skrini, pembe moja ikining'inia mbele kidogo. "Nyumbani redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa," alisema. "Hii iliyotoka mbali hivyo ndiyo ikae uchi?" Nilimwambia ile mianya ya nyuma inapumua, isizibwe. Akakikunja kikakaa mbele tu, mianya ikabaki wazi. Kila asubuhi alikitoa akakikung'uta nje, akakirudisha. Nilijifanya nimechoshwa na mambo ya kizamani, lakini moyoni nilikipenda.

Sasa nifike kwenye daftari.

Shamba lilikuwa na makaburi yake. Tangu enzi za manamba, watu waliletwa kutoka kila upande wa nchi kukata mkonge, na wengine walikufa bila ndugu wa kuwasafirisha. Walizikwa nyuma ya kambi, kila mmoja na kigingi cha zege chenye namba tu. Majina yalikuwa kwenye daftari moja kubwa lenye jalada jeusi. Humo iliandikwa namba, jina, alikotoka, na alama ya mwilini kama alikuwa nayo. Baba yake Bi Skola alikuwa namba mia mbili na kumi na mbili. Mara moja moja mtu alishuka kwenye treni stesheni ya Kilosa, akatufikia na jina la baba au mjomba, na Bi Skola alifungua daftari, akabeba panga la kufyekea majani, akampeleka mwenyewe mpaka kwenye kigingi. Alirudi na udongo kwenye viatu.

Mchwa walikuwa wameshaanza kula daftari lile. Wazo la kuliingiza kwenye kompyuta lilikuwa langu, na lilikuwa wazo zuri, hilo silijutii. Bi Skola alisoma, mimi nikaandika. Alisoma polepole, kila jina mara mbili, hata la mtoto mchanga. Ilituchukua wiki tatu. Nakala nikaziweka kwenye flopi mbili, vile vibapa vyeusi vya plastiki ambavyo leo ukiwaonyesha wajukuu wanadhani ni ile alama ya kuhifadhia ya kwenye skrini, imeundwa kwa plastiki.

Mwekezaji alipokaribia kuingia, Meneja akaagiza makaratasi yote ya zamani yachomwe, ofisi ionekane safi. Akaniuliza kuhusu daftari jeusi. "Yote yamo humu, mzee," nikasema, nikaligonga boksi kwa kiganja. Bi Skola alinifuata pembeni. "Sefu, una uhakika?" Nikamjibu kwa dharau ya ujana, "Mama, hii hailiwi na mchwa." Daftari lilichomwa nyuma ya kiwanda pamoja na mengine, na yeye alisimama pale mpaka moto ukazimika.

Mwezi mmoja baadaye rafiki yangu wa Morogoro akapata mchezo wa karata wa kompyuta. Nilitaka kuubeba, flopi nilizokuwa nazo mfukoni ni zile mbili. Nikazifuta. Nilijiambia nakala nitaziweka tena Jumatatu. Jumatatu nikacheza karata.

Diski ngumu ikianza kufa hukuambia. Hutoa sauti ya kukwaruza, kisha tik, tik, tik, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kopo. Yangu iliniambia wiki nzima. Kila siku nilisema leo nitatoa nakala, na kila siku kulikuwa na mgeni, barua, kikao. Siku moja tuliporudi kutoka kula mchana, niliwasha mashine na skrini ikaleta mstari mmoja wa Kiingereza kusema haioni diski. Nilizima, nikawasha, nikazima. Niliomba kwa dini yangu, kisha nikaomba na kwa dini ya Bi Skola.

Meneja aliingia, safari hii na viatu vyake. Wageni wa mwekezaji walikuwa waonyeshwe kompyuta kesho yake. Macho yake yaliruka mstari wa Kiingereza yakatua juu, kwenye kitambaa. Akashika kisogo cha skrini, kilikuwa cha moto, kama kilivyokuwa siku zote.

"Hii nini? Mnaivika nguo mashine? Si ndiyo imeungua!" Kisha akanigeukia. "Sefu, wewe ndiye mtaalamu. Joto linaweza kuharibu kompyuta?"

Vijana wangu, nilikuwa na jibu. Ningemwambia skrini ni nzima, ndiyo maana inakuandikia. Ningemwambia kitambaa kipo juu ya kitu kisichotunza hata herufi moja, na majina yamekufa ndani ya boksi lile pale, kwa sababu mimi sikuwa na nakala, kwa sababu nilitaka kucheza karata. Orodha ya watu wa kupunguzwa ilikuwa bado inaandikwa, na ofisini walihitaji mmoja kati ya mpiga chapa na mtu wa kompyuta.

"Joto linaweza kuharibu, mzee," nikasema.

Maneno yale yalikuwa kweli kabisa, na ndiyo uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Bi Skola alikitoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mkoba. "Nisameheni," alisema. "Sikujua." Alikuwa anamtazama Meneja, lakini mwishoni alinigeukia na mimi, akarudia, "Nisamehe mwanangu. Wiki tatu zako zote." Nilitazama chini, nikaona miguu yake haina viatu.

Jina lake likawemo kwenye orodha ya kwanza ya waliopunguzwa. Alihamia Munisagara kwa ndugu zake kulima, na mashine yake ya chapa ikapelekwa stoo.

Mwekezaji alileta kompyuta mpya. Haikuwa na jina hata moja la marehemu, ila ilikuwa na programu bora na kipanya, na mimi nilikuwa naitumia kwa majivuno yaleyale. Ndipo akaja yule mzee.

Alikuwa ametoka upande wa Kigoma kwa treni. Alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa, akavipanga vizuri ukutani, akaingia na kofia mkononi. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba baba." Alisema anaitwa Butoyi. Alikuwa anamtafuta pacha wake, Bukuru, aliyekuja kukata mkonge wakiwa vijana na hakurudi. Alisikia alifia kwenye shamba hili, na kwamba hapa majina ya wafu yapo.

"Hana kidole hiki," alisema, akanionyesha cha shahada, mkono wa kushoto. "Nilimkata mimi, tulipokuwa watoto, tunapasua kuni. Sikuwahi kumwomba radhi, baba. Tulikuwa watoto. Nataka nimwambie pale alipolala, basi."

Ningeweza kusema orodha imepotea. Ningeweza kumwambia apande treni mpaka Munisagara, kituo cha karibu tu, kuna mama anayejua makaburi yale kuliko mtu yeyote. Lakini huko angekuta nini? Angekuta mtu aliyefukuzwa kwa kosa langu, na habari ingerudi. Kwa hiyo niliandika B, U, K, U, R, U kwenye kompyuta mpya, nikabonyeza. Haikuleta kitu. Ingeleta nini?

"Kompyuta inasema hayumo," nikamwambia.

Hakubisha. Watu wa wakati ule hawakubishana na kompyuta. Aliitazama skrini kwa heshima, kama alivyoitazama tangu aingie, akasema, "Basi atakuwa shamba jingine." Akaniuliza kama nayajua mashamba ya Tanga. Akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu, akaondoka. Sikumwuliza kijiji chake. Hata kitabu cha wageni sikumpa asaini.

Mimi nami nilipunguzwa miaka miwili baadaye, na sikuwa na haki ya kulalamika. Nikaja Mikumi, nikafungua steshenari kando ya barabara kuu. Hapa nimeziona zikibadilika zote. Flopi zikaenda, zikaja sidii, tukazishika pembeni kama mayai. Zikaja flashi, na watu wakaniletea virusi pamoja na barua zao. Skrini zikakonda zikawa bapa, na hakuna tena pa kutandaza kitambaa. Tumbili aliwahi kuingia dukani akaondoka na kipanya, akakiacha juu ya paa la jirani alipoona hakiliwi. Kisha zikaja simu, na sasa mnatunza vitu angani, sijui kwa nani. Chochote mtakachotumia, tunzeni nakala tatu mahali patatu. Ni hilo tu ninalolijua kwa hakika katika fani hii.

Siku moja, duka likiwa na mashine mbili tu, aliingia Bi Skola. Alikuwa anapita kwenda kwenye msiba Ruaha. Nywele zimekuwa nyeupe. Nilimpa kiti na maji. Tuliongea habari za watoto na mvua, kisha akaielekeza bakora yake kwenye meza.

"Sefu, hebu nieleze. Kinachotunza maneno ni hiki cha juu, au lile boksi la chini?"

Mteja alikuwepo, anasubiri. Feni ilikuwa inazunguka.

"Ni boksi la chini, mama."

"Cha juu?"

"Kinaonyesha tu."

"Aa," alisema. Alimaliza maji, akashukuru, akainuka. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamsimamishia gari. Alipopanda gari alinishika bega. "Umehifadhi?" akauliza, akacheka kidogo, mlango ukafungwa. Sikumwona tena.

Alipofariki, bintiye alikuja dukani na daftari la shule la kaunta. Alisema mama yake ameagiza lipelekwe kwa Sefu, anajua kompyuta. Nililifungua palepale. Kumbe tangu alipopunguzwa alikuwa anarudi makaburini kila kiangazi, anafyeka, anasoma namba za vigingi, anapita kwa wazee wa kambi waliobaki kuwauliza nani alimzika nani. Yaliyobaki aliyatoa kichwani mwake, yale aliyonisomea mara mbili mbili. Namba nyingi zina mstari mtupu, na pembeni kaandika, "sijampata." Hakukisia hata mmoja.

Nililiandika lote kwa vidole vyangu, macho kwenye karatasi. Nilipofika mia moja sitini na tatu nilisimama. Kwa mwandiko wake wa kulalia kulia: "Bukuru, mtu wa Kigoma, kidole cha shahada mkono wa kushoto hakuna. Ndugu hawajaja."

Nakala ziko tatu. Moja kwenye mashine ya duka, moja kwenye flashi nyumbani, na daftari lenyewe kwa binti wa Bi Skola. Nimekwenda kule nyuma ya kambi. Ng'ombe wa wafugaji wanalala kati ya vigingi, lakini mia moja sitini na tatu kipo wima, na nimekifyekea.

Sasa ombi. Simu zenu zinafika mahali ambapo mimi siwezi kufika. Mzee Butoyi huenda hayupo tena, lakini atakuwa na watoto, na watoto wake wana watoto wa umri wenu. Watafuteni. Waambieni pacha wa babu yao yupo Kilosa, namba mia moja sitini na tatu, wala hayuko Tanga. Na waambieni siku ile kompyuta haikusema kitu. Nilisema mimi.